Msomaji Aliyekataa Kuitika

Isha ilikuwa imeswaliwa zamani, majirani wamekwisha kufunga madirisha, na Mbeyu alikuwa bado hajarudi kutoka kazini. Mama yake, Kadzo, alikaa barazani juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Hakuwa na nazi ya kukuna saa ile, ila mwili wake ulikuwa umezoea kukaa hapo kila moyo ulipokuwa na jambo. Kila baiskeli iliyokuja aliinua kichwa, na kila baiskeli ilimpita.

Aliyekaa naye alikuwa Jedida Mumbua, mpangaji wa chumba cha pili, mjane wa Kikamba aliyeshuka pwani miaka mingi nyuma kufuata kazi na asirudi tena bara. Jedida ndiye aliyekuwa msafishaji katika ofisi ileile aliyofanya kazi Mbeyu, ofisi ya mradi wa minazi hapo Kilifi. Alikuwa na mtoto mmoja, Kioko, aliyesoma shule ya bweni Mariakani. Alimletea Kadzo chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati, akaona haijaguswa, akaichukua akainywa mwenyewe.

"Wacha kujitafuna, Mama Mbeyu," akamwambia. "Simu ya Nairobi haina adabu. Inakuja saa inataka. Mtoto yuko kazini, hayuko porini."

Kadzo akaitikia kwa kichwa, lakini macho hayakutoka njiani. Alikuwa mtu wa kuangalia. Shule aliisoma mpaka darasa la nne tu huko kwao Junju, akatolewa alee wadogo zake, na tangu hapo elimu yake yote aliipata kwa macho. Kwa kuyatazama mapovu ya tui jikoni alijua mafuta yamejitenga au bado. Kwa kumtazama mumewe Thoya akifunga viatu alijua siku ile kwamba safari ya Malindi, kwenda kutafuta kazi ya hoteli, haikuwa na marejeo. Na kweli Thoya alipata kazi, akapata na mke mwingine. Kadzo akabaki na mtoto wa kike wa miaka sita, mbuzi ya kukunia, na sufuria moja kubwa. Kwa sufuria ile, ya kupikia mafuta ya nazi ya kuuza, Mbeyu alisoma mpaka kidato cha nne.

Sasa Mbeyu alikuwa na miaka ishirini na minne, na katika mradi alikuwa kibarua wa mwezi kwa mwezi, mwaka wa tatu huo. Barua ya kumwajiri moja kwa moja ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Mkuu wa ofisi, Bwana Gerishom, alikuwa amemwambia kwa mdomo wake kwamba ataitia sahihi Ijumaa. Na usiku ule ulikuwa wa kuamkia Ijumaa. Kadzo hakuwa akiomba kitu kingine duniani. Aliona kama akiisha kuiona sahihi ile, hata akifa kesho yake, atakuwa hajaacha mtoto juani.

Lakini katikati ya barua na sahihi alikuwa amesimama msomaji.

Msomaji hakuwa mtu. Kilikuwa kisanduku cha rangi ya majivu, ukubwa wa kibweta, kilichokuja kutoka Ulaya mwaka ule wa themanini na tisa kuwekwa kando ya kompyuta ya mradi. Ukikipa sahani nyembamba inayong'aa kama kioo, huimeza, na kompyuta ikaanza kuonyesha maandishi ya wataalamu wa minazi wa dunia nzima, kila ugonjwa na dawa yake. Mbeyu ndiye aliyepewa kazi ya kukitunza.

Aliyekuja kukifunga alikuwa fundi Maina wa Nairobi. Alikaa Kilifi siku mbili tu, na kabla ya kuondoka aliona jambo moja litakalowasumbua. Kitabu cha chombo kilikuwa cha Kizungu, tena Kizungu cha watu waliokwisha kujua, na majina yake yalikuwa mafupi yanayofanana. Kwa simu ya wakati ule, inayokohoa kama mgonjwa wa pumu, majina hayo yangepotea njiani, na yeye angekuwa akitengeneza kitu kimoja huku Mbeyu ameshika kingine. Basi wakaketi wawili, wakakubaliana majina yao ya Kiswahili.

Kompyuta wakaiita mwenyeji. Kile kisanduku kikaitwa msomaji. Waya mnene uliowaunganisha ukawa mkanda, vile vichuma vyembamba mwishoni mwake vikawa meno, na tundu la kuingilia meno likawa kinywa. Nyuma ya msomaji palikuwa na kitufe cha kuchagulia namba, hiyo wakaiita namba ya nyumba, kwa sababu mwenyeji huita kwa namba, na mwenye namba yake ndiye huitika. Na pale safari ya waya ilipoishia palichomekwa kidude kifupi, wakakiita kizibo. Pasipo kizibo, Maina alieleza, maneno hufika mwisho, yakagonga, yakarudi kinyumenyume na kuyavuruga yanayokuja.

Majina hayo Mbeyu aliyarudia nyumbani kila jioni huku akimsaidia mama yake kukamua tui, mpaka na Kadzo akayajua, na Jedida akayajua zaidi ya wote. Jedida aliyatumia apendavyo. Alisema Mwambire, aliyekusanya kodi za nyumba ile, hana kizibo, kwa kuwa neno lolote likimfika linagonga na kurudi hadi Mtwapa. Mpangaji aliyejifanya hasikii akidaiwa zamu ya kufagia, alisema huyo amebadilisha namba ya nyumba, ataitwa mpaka kesho. Walicheka sana siku zile.

Maina alipokuwa akiondoka aliacha onyo moja. Pwani ni chumvi, alisema, na meno yasiingie kutu, maana kutu haina dawa ya simu.

Hakusema yatunzwe vipi. Na mtu wa pwani haulizi chuma kinatunzwaje. Kufuli la duka, cherehani, mnyororo wa baiskeli, bawaba za sanduku la arusi, vyote dawa yake ni moja. Kadzo mwenyewe ndiye aliyemmiminia binti yake mafuta ya nazi kwenye kichupa cha dawa, akamchagulia unyoya laini wa kuku. Na jioni moja Mbeyu, baada ya kuzima kila kitu, alichomoa mkanda akayapaka meno, jino kwa jino, kwa unyoya ule, akaurudisha. Msomaji akaendelea kusoma. Wiki tatu hakuna aliyeyakumbuka mafuta.

Kisha ikaja Jumanne ya kupiga polishi sakafu. Chumba kile kilikuwa na vigae, na polishi yake ilikuwa nyeupe, si ile nyekundu ya saruji. Ili Jedida afikie pembeni, Mbeyu alichomoa mkanda, wakaihamisha meza wote wawili. Walipomaliza Mbeyu aliuchomeka tena. Tangu saa ile mwenyeji aliita na msomaji hakuitika.

Wageni wa mradi walitarajiwa Jumatatu kuja kukitazama chombo chao. Bwana Gerishom aliacha kula mchana. Na siku hiyo ya Alhamisi aliagiza simu ya Nairobi, akasema Mbeyu asiondoke mpaka ipatikane. Hiyo ndiyo simu iliyokuwa ikingojwa barazani.

Mbeyu alitokea kwa miguu saa nne kasoro. Alimwamkia Jedida kwanza, "Shikamoo, Mama Kioko," kwa sauti ndogo, kisha mama yake, akaketi chini kwenye jamvi bila kuvua viatu. Kadzo akaona viatu. Mtoto wake hakuwa mtu wa kukanyaga jamvi na viatu.

Alieleza akitazama vidole vyake. Simu ilipatikana usiku. Maina alimwuliza, mwenyeji anaita? Anaita. Msomaji anaitika? Haitiki, ila taa yake inawaka. Namba ya nyumba imebadilika? Haijabadilika. Kizibo kipo? Kipo, kimekaza. Basi Maina akasema, chomoa mkanda, utazame meno. Bwana Gerishom akachukua tochi akatazama mwenyewe. Katikati ya meno, na ndani ya kinywa pia, palikuwa na kitu cheupe kilichoganda. Alikikwangua kwa ncha ya kisu cha kukatia karatasi, akakiweka juu ya karatasi. Chumba kizima kilikuwa bado kinanuka polishi. Akasema, hii ni nta ya sakafu.

Mbeyu akaendelea bila kuinua macho.

"Amesema Mama Kioko asianze kazi kesho. Aje saa nne, amwone. Amesema mtu akishindwa kutofautisha sakafu na chombo cha watu, hawezi kukaa naye."

Jedida alicheka kwanza, kama aliyetaniwa. "Mimi? Mimi napiga sakafu, sipigi meza. Si ulikuwa hapo, Mbeyu? Uliniona?"

"Nilikuwa upande wa dirisha," Mbeyu akasema.

Kicheko kikamtoka Jedida usoni polepole. Akaanza kujiuliza mwenyewe kwa sauti. Labda kitambaa. Labda alishika mkanda na mikono ya polishi wakati wa kuinua meza. Kadri alivyojiuliza ndivyo alivyozidi kujishuku, na Kadzo akamwona anavyoitazama mikono yake, akiigeuza huku na huku.

"Kilikuwa cheupe namna gani?" Kadzo akauliza.

"Cheupe tu, mama. Kama mshumaa."

"Kikavu?"

"Mama, nimechoka. Twende tukalale."

Jedida akainuka. Akamshika Kadzo begani. "Wewe mtoto wako amerudi salama. Ndiyo tulikuwa tunangoja. Shukuru Mungu, ulale." Akaingia chumbani kwake.

Kadzo hakulala. Alikuwa amejua palepale liliposemwa neno mshumaa. Alikumbuka siku alipompelekea Mbeyu chakula, akaingizwa kwenye chumba cha kompyuta akae kidogo. Mashine ya kutia baridi ilikuwa ikinguruma ukutani, na yeye akajifunga leso ya pili mabegani akashangaa kwamba nje ni Kilifi na ndani ni nchi nyingine. Na alikumbuka alfajiri za mwezi wa saba kule Junju, utotoni, mama yake akiipasha chupa ya mafuta kwenye majivu ya moto kwa sababu yameganda yakawa meupe. Mafuta ya nazi hayapendi baridi. Kila mwanamke anayepika mafuta anajua hilo, ila Februari, jua likichoma hivyo, nani anayekumbuka kuganda? Katika chumba kile baridi haikuisha, mchana wala usiku. Mafuta yaliganda taratibu huku meno yakiwa yameumana na kinywa, yasidhuru. Mkanda ulipochomolewa na kurudishwa, ule ugando ukajipenyeza katikati ya jino na tundu lake, na mazungumzo yakakatika.

Aliyajua hayo yote, na alikuwa amemwacha Jedida akaingia kulala na kosa lisilo lake.

Alijitetea usiku kucha. Jedida ni msafishaji, atapata kwingine, hoteli zimejaa kuanzia Kikambala hadi Watamu. Mbeyu hatapata mwingine wa kumpa barua. Kisha akajijibu kwamba Jedida ana Kioko, kama yeye alivyokuwa na Mbeyu. Kisha akajisemea kwamba Mbeyu hana habari, na asiye na habari hana dhambi, basi dhambi aibebe yeye mama peke yake, amezoea kubeba. Hilo likamtuliza kidogo. Likamtuliza mpaka jogoo wa kwanza, kisha likakataa kumtuliza tena.

Kulipopambazuka alimkuta Mbeyu uani akipiga mswaki. Akasogea karibu, akanong'ona. Alisema ile si nta. Ni mafuta yetu.

Mbeyu akatema maji. Akasukutua tena, akatema. Hakugeuka.

"Najua, mama."

"Umejua lini?"

"Jana. Aliposogeza ile karatasi kwangu. Ilinuka nyumbani."

Kadzo akashika kamba ya kuanikia nguo. Usiku mzima alikuwa akimkinga mtoto asiyejua, kumbe wamelala vitanda viwili katika chumba kimoja, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake, kila mmoja akijua. Alimtazama Mbeyu mgongoni. Mgongo wa kujinyoosha, wa msichana aliyefunzwa asipinde. Akajiuliza ni nani aliyemfunza kunyamaza hivi, na hakwenda mbali kutafuta jibu.

"Barua inatiwa sahihi leo," Mbeyu akasema. "Leo tu. Ikishatiwa, nitamtetea Mama Kioko. Nitasema tuliteleza wote. Wallahi nitasema."

"Ikishatiwa sahihi hutasema, mwanangu."

"Kwa nini unaniambia hivyo?"

"Kwa sababu mimi jana nilijiambia nitasema asubuhi, na asubuhi imefika, na nimekuja kusema na wewe, sikwenda kwa Mama Kioko."

Hapo Jedida akatoka na pasi ya makaa. Aliipuliza, akatandika blanketi juu ya meza ya uani, akaanza kupiga pasi gauni lake la kanisani, la buluu, lenye kola. Aliwaamkia kama kila siku. Akasema amefikiri usiku, na ataomba msamaha, hata kama hakumbuki alivyokosea, maana mtu mkubwa ukimwomba msamaha mapema hupoa. Alimwuliza Mbeyu, yeye anayemjua Bwana Gerishom, apige magoti au asipige.

Mbeyu akasema hajui. Akaingia ndani, akavaa, akaenda kazini bila kunywa chai.

Kadzo alisimama pale akiitazama pasi ikipita juu ya kola, ikirudi, ikipita. Kisha akaingia akajifunga buibui lake jeusi, na Jedida alipotoka akafuatana naye. Jedida akafurahi. Njia nzima alimshukuru, akasema kweli jirani ni ndugu, na Kadzo akaitikia kila neno kwa mguno.

Waliketi kwenye benchi la nje ya ofisi. Saa nne Bwana Gerishom alitoka. Alikuwa mtu mrefu wa bara, mpole wa sura, ambaye upole wake ulikuwa umechoshwa na wiki ile. Akamwona Jedida, kisha akamwona Kadzo.

"Mama Mbeyu. Kuna shida?"

Kadzo alisimama. Aliyapanga maneno njia nzima, lakini kinywa kilifunguka na sauti haikuja. Alimwona Mbeyu ndani, kwenye meza yake, mikono imetulia juu ya mashine ya chapa, akimtazama. Mama na mtoto wakatazamana. Kadzo hakutikisa kichwa kumkataza wala hakumwashiria aseme. Alimtazama tu, kama alivyokuwa akiyatazama mapovu ya tui, akingoja kuona yatajitenga au hayatajitenga.

Mbeyu akainuka akaja mpaka kizingitini.

"Bwana, ile si nta," akasema. "Ni mafuta ya nazi. Mimi niliyapaka meno yasiingie kutu. Mama Kioko hakugusa."

Bwana Gerishom hakuamini mara moja. Alisema aliona kwa macho yake, kilikuwa kimeganda, na mafuta ya nazi anayajua, ni maji. Akaenda kwenye meza yake, akavuta saraka alimokifungia kile alichokikwangua, akaitoa karatasi. Ofisini kwake hapakuwa na mashine ya baridi, na tangu asubuhi jua lilikuwa likiichoma meza ile. Karatasi haikuwa na kitu. Ilikuwa na doa tu, pana kama kiganja, ambalo mwanga wa dirishani ulilipenya. Akaipeleka puani. Akaishika hivyo muda mrefu.

Siku hiyo simu ya Nairobi ilipatikana upesi. Maina akaambiwa, na waliosimama karibu walimsikia akicheka mpaka laini ikakohoa. Akasema hajawahi kusikia msomaji aliyepakwa mafuta kama bwana arusi. Kisha akatoa maagizo: mashine ya baridi izimwe, madirisha yafunguliwe, mkanda uachwe upate joto, halafu meno na kinywa vifutwe kwa spiriti na pamba mpaka pamba itoke safi. Mbeyu akafanya. Hakuna aliyemsaidia na hakuomba. Ilipofika adhuhuri akauchomeka mkanda, akakaza kizibo, akawasha. Mwenyeji akaita. Taa ya msomaji ikapepesa, sahani ikaanza kuzunguka.

"Anaitika," Mbeyu akasema kwenye simu, na sauti yake haikuwa na furaha.

Bwana Gerishom aliwaita wote watatu ofisini. Alimwomba Jedida radhi mbele yao, kwa maneno machache, akamwambia arudi kazini saa hiyohiyo na siku yake haitakatwa. Kisha akamgeukia Mbeyu. Alikuwa ameitoa barua ile, iko mbele yake, na Kadzo aliiona, ilivyokuwa safi, ilivyokuwa na nafasi nyeupe pale chini.

"Mafuta ningekusamehe," akasema. "Mtu akitunza kitu kwa alivyofunzwa kwao, huwezi kumlaumu. Lakini mimi nilisema mbele yako kwamba ni nta, na wewe ukainamisha kichwa. Ungenyamaza mpaka lini, Mbeyu?"

Kadzo akataka kusema ni yeye mama aliyemtilia mafuta yale, akaona halingesaidia, maana si mafuta yaliyoulizwa.

Barua ikarudi sarakani bila sahihi. Mbeyu ataendelea mwezi kwa mwezi, kama mwanzo. Msomaji atatafutiwa mwangalizi mwingine kutoka Nairobi, na Mbeyu atamfundisha majina yote. Mwakani wataona.

Walitoka. Jedida alikwenda kwenye chumba cha vifaa, akavaa koti lake la kazi juu ya gauni la buluu, akachukua ndoo. Alipompita Kadzo alisimama.

"Mama Mbeyu. Jana usiku nilikaa na wewe," akasema, bila kupandisha sauti. "Nilikuwa nakupa pole."

Akaenda zake na ndoo.

Jioni ile Kadzo alipika wali wa nazi na mchicha, akaukuta hauliki. Mbeyu alilala ubavu, ameuelekea ukuta. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kadzo alimwogopa mtoto wake kidogo, akamwonea na huruma, na hakujua lipi litangulie. Alifikiri juu ya mwakani. Alifikiri juu ya huyo mwangalizi wa Nairobi, na Mbeyu akimwelekeza kidole, hili jino, hiki kinywa, huyu mwenyeji. Kisha akasikia nyayo za Jedida ukumbini, akasikia komeo.

Alingoja mwenzake apate kupumzika. Akajitanda leso, akatoka, akasimama mbele ya chumba cha pili. Miaka yote ile hawakuwa wakibisha hodi, kila mmoja aliingia kwa mwenzake huku akizungumza. Sasa alibisha.

"Hodi, Mama Kioko."

Ndani redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari. Akabisha tena, kwa sauti ya chini, wapangaji wengine wasisikie. Redio ikapunguzwa. Kitanda kikalia, kama mtu aliyeketi au aliyesimama. Kadzo akasogea. Alikuwa na maneno safari hii, si mengi, na yalikuwa tayari kinywani.

Akabisha hodi ya tatu, ambayo baada yake mtu mwenye adabu, asipokaribishwa, huondoka.

Alisimama mpaka taa iliyoonekana chini ya ubao wa mlango ikazimwa. Mlango haukufunguka. Akaweka kiganja juu yake kidogo, akakiondoa, akarudi kwa mtoto wake.